Mchi na Kinu

Miaka kumi na tisa nimeitazama Kilindini kutoka juu,
ndani ya kibanda cha kreni,
sakafu kioo, shingo imeinama,
macho yakichungulia baina ya magoti
makontena yakipanda, yakishuka:
mchele, mitumba, matairi, vigae.
Mikono ilikuwa na kazi. Macho yalikuwa na kazi.
Nyonga zilikunjwa tu,
kama mkeka uliosahauliwa nyuma ya mlango.

Sikujua zimekauka
hadi harusi ya Mwinyi Shee, pale Kuze.
Masinia yameshatandazwa, wanaume wanne wanne sakafuni,
nami nikajaribu kushuka.
Nilifika nusu ya njia.
Mtu akapaza sauti: "Mleteeni mzee kiti!"
Nina miaka arobaini na sita.
Nikala biriani peke yangu, sahani pajani,
nikitazama visogo vya wenzangu.

Dada Mbeyu wa Makadara, chumba cha viungo,
hakunipa dawa. Alinilaza chali,
akashika goti langu, akalizungusha polepole
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.
"Umesikia hapo?"
Nilisikia.
"Mfupa wa paja umekaa ndani ya nyonga
kama mchi kinuni. Nawe, baba, miaka yote hii
umeuacha mchi umesimama.
Kinu kisichotwangiwa hutandwa na buibui."
Nikacheka. Kicheko kikaniuma kiunoni.

Sasa kabla ya zamu,
kabla jirani hajatia hamri la kwanza mafutani,
nasukuma meza, natandika busati.
Goti la kulia juu ya mto, mguu wa kushoto mbele.
Mkia (sina mkia, lakini Mbeyu huuita mkia)
naukunja chini, kidogo tu,
na mbele ya paja kitu kinavutika
kama kigwe cha suruali kilichozama ndani ya pindo
ukikitoa kwa pini.
Silazimishi. Hilo ndilo gumu.
Chuma nakijua: ukivuta wenzo, kinafuata.
Nyama haifuati amri, hufuata pumzi.
Navuta, nahesabu nne.
Natoa, nahesabu sita;
nikifika tano nishaanza kuwaza karo.
Naanza tena.

Kisha ukutani:
visigino, makalio, mabega, kisogo.
Binti yangu Khulthum hunikagua
kama fundi mwashi aliyeshika timazi.
"Kidevu ndani, baba. Tumbo usilibane,
hupigwi picha ya paspoti."
Juzi kaniwekea penseli utosini, kachora mstari,
kapima kwa tepu ya mamake ya cherehani.
"Umerefuka nusu inchi!"
Sikurefuka, mwanangu.
Nusu inchi hiyo ilikuwa huko chini,
imekunjwa pamoja nami.

Asubuhi nyingine humkumbuka mama juu ya mbuzi,
anakuna nazi, magoti wazi, mgongo alifu,
miaka sabini na mbili,
akimaliza anainuka bila kushika kitu,
tui likimngoja.
Hakufundishwa na mtu.
Hakupata tu kiti cha kumharibu.

Wa kushoto bado mkaidi.
Usiku hunung'unika peke yake,
nami namgeuzia upande, namwekea mto,
kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.

Lakini Ijumaa iliyopita, kwenye hitima ya jirani,
sinia liliposhushwa, kijana mmoja akakimbilia kiti.
Nikamwambia, "Kirudishe."
Nikashuka. Si kwa madaha:
kiganja ukutani, goti likalia ta!,
mazungumzo yakakatika kidogo.
Wakanisogezea nafasi, upande wenye nyama.
Nikaketi.
Moto wa mchele vidoleni,
bega la mtu huku, bega la mtu kule.

Kuinuka, hilo
walinisaidia wawili.