Tundu la Pembeni

Mteja wa Kampala aliigeuza hereni kiganjani,
akaniuliza, "Kabugho, haya unayatoa wapi?"
Nikasema, mlimani. Akatabasamu, akalipa.
Lakini mlima si jibu,
mlima ndio tunaowapa wageni ili watuache tufanye kazi.

Jibu lina kutu kidogo.
Ni kibati cha baba, namba mia nane na tatu,
shaba iliyotobolewa na mtu mwenye haraka zake,
tundu likaenda pembeni.
Alfajiri alikitundika msumarini, akaingia shimoni Kilembe;
jioni alikitwaa.
Mama hakupima unga wa bundu
kabla hajakisikia kikigonga funguo pale mlangoni.
Siku mgodi ulipofungwa alirudi nacho mfukoni.
Karani wa kukipokea alikuwa ameshapanda basi.

Basi hereni zangu zote huning'inia upande.
Wanasema ni mtindo.
Haya, na uwe mtindo.

Mengine nimeyaokota tu.
Chumvi ya Katwe, kwa mfano,
inavyokauka miguuni mwa Masika, dada yangu, akitoka ziwani:
ganda jeupe, limepasukapasuka kifundoni.
Bangili hiyo nimeiuza kuliko zote.
Mwenyewe hajaivaa hata siku moja.
"Ya bure nimeivaa miaka kumi," asema, "inawasha."

Na Nyamwamba. Sikutaka kuutaja.
Usiku ule mto ulishuka na mawe makubwa kama ng'ombe,
ukala jiko, ukala cherehani,
ukala ukuta pamoja na kalenda yake,
na asubuhi, katikati ya tope, ukatuachia
waya wa shaba wa mgodini
uliojisokota vizuri
kuliko mkono wangu ujuavyo kusokota.
Wiki mbili niliuchukia.
Ya tatu nikachukua koleo, nikauiga.

Kuna mkufu mmoja wa mto, haufungiki nyuma.
Watu hudhani nimesahau kishikizo.

Yule wa Kampala, akiaga, alikiona kibati kwenye fremu ya mlango.
"Na hiki, bei gani?"
Nikachukua tupa, nikainama juu ya kazi.
Hiki hakiuzwi, mama,
hiki hakishuki kabla ya jioni.
Kiko msumarini:
mimi nimo ndani.