Kivuli cha Kishikio

Sechelela alilileta likivutwa na trekta la kukodi,
karavani kuukuu, weupe wake umekuwa rangi ya meno ya mvuta kiko,
akaliegesha uani kwangu Kizota, upande wa reli,
wiki tatu kabla ya Nane Nane.
"Fundi, bandua kila kilichochoka, weka kipya.
Nzuguni siendi kuuza ugali ndani ya kitu chenye magamba."

Nikahesabu kwa kidole:
vifuniko viwili vya matundu ya hewa,
taa ya mlangoni iliyokwisha kuwa kopo la mchanga,
na kishikio cha plastiki, kando ya mlango,
kimekaa mshazari kama kofia ya mlevi.

Hakuna skrubu hata moja. Yote ni gundi.
Watu hudhani gundi ni kazi nyepesi.
Skrubu ina adabu: izungushe kushoto, itaaga.
Gundi haiagi. Gundi hubembelezwa.

Nikaazima drai ya saluni kwa Veneranda.
Moto wa upepo, polepole, hadi plastiki ianze kunuka,
kisha uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia,
unapita nyuma yake, mkono huku, mkono kule,
unakata kile ambacho jicho halikioni.
Bisibisi niliificha sandukuni.
Bisibisi ina haraka,
na bati jembamba halisahau haraka ya mtu.

Kifuniko cha kwanza kilitoka na nyumba ya nyigu,
vyumba sita vya udongo, wapangaji wamehama.
Upande wa mashariki jua lilikuwa limeila gundi, imebaki unga;
upande wa kivuli ilikuwa hai bado,
nyeusi, inavutika.
"Kama mlenda," akasema Sechelela,
na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Kishikio kiligoma.
Nikavuta uzi, ukakatika. Nikavuta mwingine.
"Nani huyu," nikauliza, "aliyemimina mrija mzima?"
Treni ya mizigo ilikuwa inapita. Akangoja imalizike.
"Ndahani. Nilikuwa na mimba ya Chiku, nikateleza nikishuka.
Alikibandika usiku uleule, kwa mwanga wa simu."
Nikaongeza moto wa drai. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kiliachia ghafla, karibu kiniangushe.
Nyuma yake bati lilikuwa jeupe, jeupe la kiwandani,
umbo kamili la kishikio, mshazari vilevile,
na pembeni, ndani ya gundi iliyofurika,
dole gumba. Mistari yake yote. Hata kovu.

Tukapatazama.
Nikasema jambo la kifundi, kwa kuwa mimi ni fundi:
gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani.
"Kwangua basi," akasema, akaenda kuchochea jiko
ambalo halikuwa na moto.

Nilikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda,
nikafuta kwa spiriti. Petroli sitii, inakula rangi.
Nililala bila kubandika.
Vumbi la Dodoma huingia hata ndani ya kiapo,
kazi hii inataka alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Alfajiri, basi. Kishikio kipya, cha chuma, kutoka Majengo.
Pima maji juu yake, povu likatulia katikati.
Nikakandamiza, nikahesabu hadi mia mbili,
nikakifunga kwa utepe wa karatasi.
Kimenyooka. Lakini nyuma yake, juu kushoto na chini kulia,
ule weupe mshazari ukachungulia.

Nilikuwa nimeshafungua kopo la rangi.
"Hapo pasipakwe," akasema.
"Itaonekana fundi hakumaliza."
"Ionekane."

Akanyoosha mkono kukijaribu. Nikamzuia:
mpaka kesho, mama, hakitaki kuguswa.
Akasimama mbele yake, mikono mgongoni,
kama mtu anayengoja mtoto amalize usingizi.