Mlango wa Lamara

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya stesheni ya Chakvi,
reli inaisogelea Bahari Nyeusi hadi povu
linakaribia kulowesha magurudumu.
Hapo ndipo napunguza mwendo.
Kitabu cha kanuni hakisemi nipunguze.
Napunguza kwa ajili ya mlango.

Ni mlango wa zizi, buluu yake imebambuka,
umelazwa juu ya kreti mbili za machenza,
na juu ya mlango kuna watu wa mawe.

Mwaka wa kwanza sikujua ni watu.
Nilimwona bibi ndani ya koti la mvua la kiume,
ameinama kama aliyedondosha pete,
anaokota, anatupa, anaokota.
Nikasema moyoni: maskini, akili zimemruka.
Mungu anisamehe. Kazi ya dereva
ni kuona nusu na kupita.

Mwaka wa pili injini ilinifia pale pale.
Nikashuka, spana mkononi, nikatazama:
mama mbeba kuni, mgongo wake
kokoto moja, imepinda ilivyozaliwa;
mbwa, masikio yake mbwe mbili nyekundu;
harusi, na mpiga ngoma mnene,
yai la jiwe lililojisahau likacheka.
Hakuna aliyechongwa. Hakuna aliyepakwa rangi.

"Nani alikufundisha?"
Akaninyoshea vidole.
Miaka ishirini na sita alichuma chai kule mlimani,
majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi,
mpaka vidole vikajua kuchagua
bila kuyauliza macho.
Kisha shamba likafungwa, miiba ikaimeza michai.
Vidole havikuambiwa.
"Vikaendelea," akasema. "Ningefanyaje?"

Tukiwa bado tunaongea, treni ya mafuta ikatupita
kwenye reli ya pili,
na mlango mzima ukaingiwa na homa.
Bibi harusi akateleza. Mbwa akapoteza sikio.
Ndipo nilipoelewa:
miaka miwili, kila siku ya Mungu,
tetemeko lao la ardhi ni mimi.

Nikamwomba radhi. Alicheka hadi akakohoa.
"Mimi nawapanga tu, Jumberi.
Wewe ndiye unayewachezesha."

Akaja kijana wa Tbilisi, viatu vyeupe,
na makopo matatu ya gundi.
Alitaka kila mtu abaki alipo,
atundikwe ukutani, awe na bei.
Lamara alimpa chai, alimpa machenza,
kopo moja akalipokea kwa mikono miwili,
akagundishia soli ya buti lake.
Kisha akamwonyesha, ukingoni kabisa mwa mlango,
kijiwe cheupe chenye mshipa mweusi kiunoni.

"Huyu ni binti yangu, Tsiala. Yuko Bari, ng'ambo,
anaogesha wazee wa watu.
Kila mwezi namsogeza upana wa kidole kuja nyumbani.
Ukimgandisha, atafikaje?"

Kijana aliondoka na makopo mawili.

Mkaguzi ameniandikia onyo: dakika nne,
Chakvi, kila siku, sababu haijulikani.
Nimeijibu kwa mwandiko mzuri: ukungu.
Mbele yangu, karibu na breki, kuna kijiwe cha kijivu,
kibaya, pua upande. Lamara alinipa.
"Ndiye wewe. Sikukuweka kwenye picha
kwa sababu husimami."
Kwenye kona kinabingirika, nakidaka kwa kiganja.

Leo mvua, na koti la kiume halikuwapo ufukoni.
Mlango ulikuwa peke yake, unang'aa.
Nikatoa kichwa dirishani, maji shingoni,
nikamtafuta Tsiala ukingoni, simwoni,
nikamtafuta, nikamkuta
amempita mbwa, amewapita wenye harusi,
yuko hatua moja kutoka kwa mama mbeba kuni.

Mwezi haujaisha.
Sijui ni mkono uliomsogeza
au ni magurudumu yangu.
Sikupiga honi.