Vitabu Vitano

Sanduku lilikuja na mkokoteni kutoka Raskazone,
ubavuni limeandikwa kwa chaki: VYA MAREHEMU.
Mjane hakutaka bei, alitaka nafasi.
Ndani, kamusi iliyoliwa na mchwa,
miongozo ya mitambo ya mkonge,
na chini kabisa vitabu vitano vya jambo
ambalo sikujua kuwa watu huliandikia vitabu:
mbio za boti za injini ya kupachika,
ile inayong'ang'ania tezi
kama mtoto asiyetaka kushuka mgongoni.

Nikampelekea salamu Shekue, fundi wa Sahare.
Akaja Alhamisi, mikono ameisugua kwa sabuni ya unga hadi viwikoni,
harufu ya petroli imekataa kumwacha.
"Bi Mwanjaa, nina elfu kumi na mbili.
Niuzie vinavyostahili, si vinavyong'aa."

Cha kwanza akakipima kiganjani kama anayenunua changu.
Akafungua katikati: picha, kikombe cha fedha,
mwanamume na meno yake yote.
"Huyu kashinda, sawa. Plagi alimfungia nani?"
Akatafuta. Akageuza, akatafuta tena.
Akakirudisha.

Cha pili kilikuwa majedwali matupu,
mwaka, mji, dakika, nukta.
Nikacheka: hili ni daftari la duka.
Lakini kidole chake kilishashuka
mpaka safu ya mwisho, ya wasiofika:
*silinda iliungua. Alizama. Petroli ilimwishia. Alizama.*
"Hiki kina watu ndani," akasema,
akakiweka upande wa moyo.

Cha tatu kiliisifu kampuni moja tangu bismillahi hadi tamati.
"Msifu mvua imemnyea.
Huyu hajalowa hata ukosi."

Cha nne hakina jalada.
Ukurasa wa sitini na moja una dole gumba la oili,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi, mkono wa marehemu:
*Si kweli. Siku ile ilinyesha.*
Hapo Shekue akaketi juu ya ndoo yangu.
Mteja wa vitabu vya kidato cha pili akaja, akaondoka,
muuza kahawa akapita na vikombe vyake vinavyogongana,
yeye bado yuko na wale wawili,
aliyechapwa na anayebisha.

Kisha akaenda nyuma, kwenye faharasa, herufi T.
Tanga haipo.

Akanihadithia bila kuinua uso.
Mjomba wake Semkiwa alikuwa kijana wa kupaka rangi boti.
Siku ya mashindano, bwana mmoja wa mkonge
alimkalisha omoni, mahali pa mfuko wa mchanga,
ili pua ya boti isiinuke.
"Lala mbele! Rudi! Lala!"
Walizunguka maboya mara sita.
Walishinda.
Kikombe kina jina moja.
Mjomba alipata shilingi tatu, soda ya machungwa,
na sikio la kushoto ambalo tangu siku ile
lilisikia nyuki tu.

Akaniomba penseli.
Kati ya miji miwili ambayo hakuna kati yetu
angeweza kuitamka
akaandika TANGA, akaweka mkato,
akangoja, kana kwamba namba ya ukurasa ingekuja yenyewe.
Akanirudishia penseli.

Cha tano ni Kijerumani. Sisi sote ni bubu humo.
Ila kina michoro ya pangaboi, jani kwa jani,
imechorwa kwa mkono, na Shekue
aliisoma yote, midomo ikimchezacheza.
Ndicho alichokitaka kuliko vyote.
Akahesabu noti, akazihesabu tena kutoka mwisho.
Akachukua cha pili na cha nne.
Nilivifunga kwa gazeti. Sikupunguza bei.
Nina kodi, na Barabara ya Saba
haijui historia ya mtu.

Jana mwanafunzi mmoja, miwani mipya, fedha mkononi,
alikiona cha Kijerumani chini ya meza.
"Hicho kiasi gani?"
Nikamwambia kina mwenyewe.