Pua ya Kuazima

Baba mkwe wangu Ciril ameniita jikoni kwake.
Ni Septemba, siku ya tatu tangu mashine za mavuno zinyamaze;
mashamba ya bonde la Savinja yamebaki nguzo na nyaya tupu,
kama kamba za kuanikia baada ya nguo kuanuliwa.

Mezani bakuli tano, kila moja na koni zake za hopsi,
kijani kibichi, kijani kizee,
na vikaratasi kwa mwandiko wake ulionyooka:
Aurora. Bobek. Celeia. Golding ya Savinja.
La tano hakuliandikia kitu.

"Kaa," akasema. "Niazime pua."

Ndipo nikajua kwa nini bia ya Pasaka aliwamwagia viazi,
kwa nini Januari maziwa yaliungua hadi yakawa makaa
naye kakaa kando ya jiko, anasoma gazeti.
Homa ile ilimwachia mapafu,
ikaondoka na harufu zote.
Miezi minane hakumwambia mtu,
yeye, mnusaji wa ushirika kwa miaka thelathini,
ambaye wakulima walimtazama akisugua koni viganjani
nao wenyewe wakasahau kupumua.

"Mimi sinywi bia, baba."
"Ndiyo maana. Hujafundishwa kudanganya.
Usiniambie maua, usiniambie matunda,
kila mtu husema matunda.
Niambie uko wapi."

Nikasugua. Vumbi la njano likaninata vidoleni.

Aurora: niko kwa seremala,
mtu kamenya limau kwa kisu cha kazi.

Bobek: korido ya shule, Jumatatu,
sakafu imepigwa nta,
na hesabu sijafanya.

Celeia: kopo la chai la mama. Chai imekwisha,
kopo halijui.

Penseli yake ikakwaruza, ikakwaruza.

Golding. Hapo nikanyamaza.
"Sema."
"Ni shati lako. Lile la kijani.
Ulilotufungulia mlango nalo usiku wa kwanza,
tumelowa, na sanduku limevunjika mpini."
Akaandika: *shati*.
Akapiga mstari chini yake, kisha mwingine.

La tano, nikacheka kabla sijasema:
kituo cha basi, kiangazi,
msichana anatafuna pipi kubwa kuliko mdomo.
"Mbwa-mwitu," akanuna. "Ndilo jina lake.
Mbegu ya vijana. Nilijua."

Maji ya kimea yakaanza kutokota.
"Ya kutia uchungu nachagua mwenyewe,"
akatwaa koni ya Aurora, akaing'ata nzima,
akatafuna polepole, macho yamefumba,
chozi likamtoka kwa ukali wake.
"Uchungu hauna haja ya pua.
Vyote vimeniacha, huu umebaki."
Sikumwuliza ni upi.

Aurora ikachemka saa nzima.
Zikabaki dakika tano, za harufu,
na mkono wake ukaelekea kwenye shati.
"Tia mbwa-mwitu," nikasema.
Akanitazama kama niliyekanyaga mche.
"Pipi?"
"Wanywaji ni Tilen na wenzake, arusi ni yao.
Wewe hutainusa hii wala ile."

Neno likishatoka halirudi.
Tulisikiliza sufuria.

Kisha akacheka kwa kifua, kama mtu anayekohoa:
"Haya. Hata kipofu huwasha taa wageni wakija."
Akamimina bakuli la tano lote,
na juu yake, nikijifanya sioni,
konzi moja ya shati.

Mvuke ukafunika dirisha.
Tilen akaingia na viatu vya matope:
"Kunanukia nini humu?"
Ciril akavaa miwani, akasoma karatasi yake:
"Kituo cha basi. Kiangazi. Na..."
"Wala," akasema kijana, pua juu ya sufuria.
"Kunanukia banda la baiskeli, mvua imekatika,
na mtu kasahau koti lake."

Mzee akalamba ncha ya penseli.
"Polepole," akasema.
"Koti la rangi gani?"