Mti Usiodumu

Miaka arobaini na minane nimechagua mbao
kwa swali moja: utadumu?
Mwaloni kwa ngazi, msonobari kwa kuta,
nyumba nusu ya mtaa huu wa Karlova
zina alama ya penseli yangu mahali pasipoonekana.

Sasa Triinu amehamia Turku na mama yake,
ameniachia sungura wa kijivu aitwaye Nööp,
yaani kifungo cha koti,
na daftari: maji, nyasi kavu,
kisha neno lililopigiwa mistari mitatu,
ATAFUNE.

Alianza na mguu wa kiti.
Akahamia fremu ya dirisha,
rangi ya enzi ya baba yangu, yenye risasi ndani.
Risasi! Nikamnyanyua upesi,
moyo wake ukipiga viganjani mwangu
kama mvua ya mawe juu ya bati.

Meno ya sungura hayajui kustaafu.
Hukua usiku, hukua Jumapili,
yasiposagika yatamfunga kinywa
afe njaa mbele ya sahani iliyojaa.
Hilo sikuhitaji kufafanuliwa.
Nina patasi.

Nikashuka karakana.
Plaiwudi: gundi, tabaka juu ya tabaka.
Kipande cha msonobari kingali kibichi,
kinalia utomvu, harufu niliyoivaa maisha yangu yote.
Daktari wa mifugo, Bi Helju, akatikisa kichwa kwenye simu;
nilikisikia kikitikisika.
Na mabaki ya uzio?
"Yamenyweshwa dawa yasioze, Endel.
Kinachoulinda mti
hakimlindi anayeula."

Penye miti hapana wajenzi, hunena wahenga.
Hapa mjenzi yupo,
miti ndiyo iliyomgomea.

Uani kuna toomingas,
Virve aliupanda mwaka tuliooana.
Mwezi wa Mei huwa mweupe hadi majirani husimama.
Nilivunja kijiti, nikakinusa:
lozi chungu.
Sumu imelala chini ya gome,
na mimi miaka yote hiyo nimenywa kahawa kivulini mwake.
Niliosha mikono mara mbili.
Nisamehe, Virve. Nitaendelea kuupenda,
ila Nööp hapiti upande huo.

Heldur wa ng'ambo ya uzio ana mitofaa.
Mtofaa unafaa, Helju alisema, tena sana.
"Umeipulizia dawa?" nikamuuliza.
Akatazama viatu vyake.
"Kidogo."
Kidogo cha nani?
Heldur ana kilo mia na tano.
Nööp ana moja na nusu.

Basi nikateremka mtoni,
theluji ya Machi ikinifika kwenye vifundo,
nikapita daraja, nikapita barabara na moshi wake,
hadi penye paju,
mti niliodharau tangu uanagenzi:
laini, mpindapinda, haushiki msumari,
ukiuchimbia ardhini kama nguzo utaoza,
au, aibu zaidi, utachipua.
Fundi wangu wa kwanza alisema ni mti wa vikapu na wavivu.
Nikakata vijiti saba, unene wa kidole cha mtoto.
Nikavisugua kwa maji ya moto,
nikavilaza kando ya jiko usiku kucha
kama soksi.

Asubuhi akakinusa kimoja.
Akakiacha.
Akaenda kukikagua kiti.
Nikakaa sakafuni, magoti yakilia,
nikakishika kijiti mwenyewe, kimya,
kama mtu anayemwazima mgeni kalamu.

Krru. Krru-krru.
Gome likachunika kwa utepe mwembamba,
ulionyooka kuliko wa randa yangu.

Triinu akapiga simu jioni.
"Anatafuna?"
Sikumjibu, niliiweka simu sakafuni,
tukasikiliza, yeye Turku, mimi hapa,
mti ukiisha.

Nimejenga vitu vitakavyonizika.
Hiki kilimalizika kabla ya chai,
na sikumbuki kazi iliyowahi kupokelewa vizuri namna hiyo.

Vimebaki viwili.
Kesho mtoni tena, na kisu kikali zaidi.