Malisho ya Ng'ombe

Gauchar: ndilo jina walilolikuta marubani wa kwanza,
malisho ya ng'ombe, basi, halikuwa na fumbo.
Babu yangu Asakaji aliajiriwa na king'ora.
Kikilia, yeye na fimbo yake mbio nyasini,
"Haya! Haya! Inukeni, mgeni anashuka!"
na ng'ombe, ambao hawajui haraka tangu kuumbwa,
waliinuka mmoja mmoja, matako kwanza,
huku ndege ikizunguka bonde la Kathmandu mara ya tatu
ikimngoja mnyama mtukufu amalize kucheua.

Alisema rubani mmoja alimpa peremende,
akaipeleka nyumbani ndani ya kofia,
bibi akaiweka miezi miwili mbele ya miungu
kabla ya mtu yeyote kuthubutu kuilamba.
Sijui kama ni kweli.
Kwetu uongo hukaangwa kwa mafuta mengi.

Kisha nyasi zikalazwa chini ya zege.
Zege likapewa jina la mfalme.
Jeti ya kwanza ilipokuja, mji mzima ulikuwa juu ya mapaa,
na kila walipoirefusha njia
shamba moja la haradali lilirudi nyuma hatua mia.
Leo pana jengo la matofali mekundu kama tanuri za Bhaktapur,
na njia ya kurukia bado ni moja tu,
kama koo:
kiingiacho na kitokacho hungojana.

Ukiniuliza huduma, nitakutajia.
Kuna ukanda wa mizigo unaokohoa.
Kuna toroli, ila magurudumu yaliyopatana ni machache;
Tularam, mwenzangu wa zamu, anayajua yote kwa kilio chake.
Kuna duka linalouza mlima ndani ya tufe la kioo,
ulitikise, theluji inyeshe.
Na kuna dirisha la vibali vya kazi,
ambalo foleni yake, alfajiri ya Jumapili,
ingetosha kutua ndege.

Mimi ni mfunga mizigo. Kamba ya nailoni, kalamu ya wino mzito.
Naandika jina, wilaya, simu ya mke:
Khotang, Rolpa, Siraha, mkono wangu umefika kote.
Vijana husimama na tika nyekundu pajini mwa uso,
mchele umewaganda, maua yananyauka shingoni,
wananiuliza kama Doha kuna baridi.
Nawaambia wabebe sweta. Sijawahi kwenda popote.

Upande wa shehena kuna mlango mwingine.
Majina ya huko yamepigwa chapa, kwa herufi zilizonyooka.
Sipiti pale nikiwa na kalamu.

Mwaka jana lilirudi begi la buluu
na fundo nililijua kabla sijalisoma jina.
Lilikuwa langu. Miaka mitatu halijafunguliwa!
Mwenyewe, Dilkumar, kipara kimemwanza,
alikuwa akilikata kwa funguo, kwa meno, kwa matusi.
Nikalivuta ncha moja, likaachia.
Ndani mlikuwa na sweta, bado limekunjwa kama alivyolikunja mama yake,
na chatne ya maembe iliyogeuka jiwe.
"Hakukuwa na baridi," akaniambia.
Hakunikumbuka. Kwa nini anikumbuke?
Akanipa noti ya huko, nimeibandika kwenye kioo.

Asubuhi za Januari ukungu hulijaza bonde
kama maziwa sufuriani.
Mnara wenyewe hupotea. Ubao huandika *imechelewa*,
kisha *imechelewa*, kisha huzimika.
Juu, kusikoonekana, ndege nne zinazunguka,
nazisikia tumboni zaidi ya masikioni.
Abiria wanagonga kaunta, wanamtukana Tularam,
wanataka kuambiwa tatizo ni nini.

Nami nakaa juu ya mizani yangu, kilo hamsini na nne,
nakunywa chai.
Subirini kidogo, jamani.
Babu hajawatoa wote.